Sampuli ya Thelathini na Moja

Lamya alikinusa kipande cha sabuni mpya aliyoitengeneza kiwandani. Kilikuwa na harufu ya kanga za mama yake: maua ya kilua, udi na moshi kidogo wa mkaa.

Mama alifariki miaka sita nyuma. Kanga zenyewe zilishafuliwa mpaka harufu ikatoweka.

Alinusa tena, macho kayafumba.

"Bi Lamya," meneja wa kiwanda aliita kutoka mlangoni.

"Naam."

"Kompyuta inaonesha mradi wako ushapita bajeti. Sampuli thelathini na moja! Hii je? Ikifaa, ingiza vipimo vyake, mwezi ujao tunaipeleka mahotelini. Kama haikufaa, ufunge mradi leo."

Kwenye skrini ya kompyuta yake, programu ya kiwanda ilisubiri jibu moja tu: imefaulu au imeshindikana. Lamya aliwafikiria wageni wakinawa nayo mara moja, kisha wakaiacha ilowane kwenye beseni.

"Haikufaa," alisema, akabonyeza.

Meneja aliguna, akaondoka.

Lamya alikifunga kipande kile ndani ya leso. Akakikunja kikaratasi cha vipimo, akakitia kifuani, akatoka kwenda kuomba ruhusa ya kuwahi nyumbani.