Watu wa Ziwani

Wenzake walikuwa wakiogelea. Bonface alikuwa anatembea. Vidole vya miguu vilikanyaga mchanga wa chini, mikono ikirusha maji juu, na kwa mtu aliyesimama ufuoni ilionekana kazi safi kabisa.

Mwaka mzima alikuwa amewadanganya hivyo hivyo kwenye bwawa la chuo kikuu, upande usio na kina. Na kosa halikuwa lake. Kila mwanafunzi anayesomea uofisa wa jeshi lazima awe na chama cha jioni: bendi, ndondi, maigizo au kuogelea. Siku ya kugawanywa karani aliuliza tu, "Kwenu wapi?"

"Homa Bay."

"Mtu wa ziwani. Kuogelea. Mwingine aje."

Ziwani wapi? Kwao ni Magunga, kwa ng'ombe na mbung'o, na maji aliyoyajua utotoni ni ya kunyweshea mifugo. Lakini utamwambia nani? Asiyefuzu mtihani wa chama chake hapati nyota begani, na baba yake alikuwa ameshaanza kuitwa Baba Afande sokoni.

Basi likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na sita, wakaletwa kisiwani Takawiri, ndani ya Ziwa Victoria, kwa mtihani: kuogelea hadi kwenye mashua iliyotia nanga, kisha kurudi. Asubuhi hiyo Bonface alimnong'oneza rafiki yake Wesley.

"Omera, ndugu yangu, haya maji nayaogopa."

"Unaogopa nini na Sajini yupo? Yule ni mtu wa ziwa."

Mkufunzi wao, Sajini Nicodemus, alikuwa wa Suna, Migori, wilaya inayogusa ziwa, na hilo lilimtosha kila mtu. Wakati wa kuvuka alikaa katikati ya boti, mikono yote miwili imeshika ubao, akisema analinda mizigo. Sasa alisimama ufuoni, kaptula imepigwa pasi, filimbi shingoni.

"Kichwa chini, Bonface. Piga miguu, usipige kelele."

Kwa maneno, hakuna aliyemshinda.

Bonface akaendelea kutembea. Halafu mchanga ukaisha.

Akazama, akaibuka, akameza maji. Wenzake walikuwa wamefika mbali, karibu na mashua, na hakuna aliyegeuka. Nyuma yake alikuwa Sajini peke yake, na hakuwa mbali hata kidogo; mwogeleaji angemfikia kwa pumzi moja. Aibu aliyoibeba mwaka mzima ikamtoka yote. Afadhali kurudi Magunga bila nyota kuliko kurudi ndani ya sanduku.

"Afande! Sijui kuogelea! Sijawahi kujua!"

Sajini akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Kule mbele wenzake wakadhani wanahimizwa, wakaongeza kasi.

Akaitupa filimbi, akaingia majini na viatu vyake, mbio. Bonface akamshukuru Mungu, akazama tena bila hofu kubwa, maana sasa mtu anakuja. Alipoibuka alimwona Sajini amesimama. Maji yalikuwa yamemfika magotini, mkono mmoja ameunyoosha mbele na haufiki popote.

"Hata mimi, mwanangu," Sajini akasema. "Hata mimi sijui."