Kiapo cha Namba Sitini na Tatu

Sheria hairuhusu nyumba yoyote kuhifadhi sauti. Kila ujumbe hupewa namba. Ukiifungua, sauti hutiririka mara moja tu, na kilichokwisha sikika hakirudi; ikiisha, namba hupewa mtu mwingine.

Bi Tunu, fundi wa namba kwa miaka thelathini, alipewa sitini na tatu. Ndani yake mlikuwa na kiapo cha kazi cha binti yake Rukia, mhandisi mkuu wa kwanza kutoka Urambo. Alivaa kanga mpya, akaketi wima, akafungua. Sauti ilianzia katikati: "...na nitafunga kila njia niliyoifungua."

"Mwanzo uko wapi?"

Mumewe, Kitwana, alijikuna shingo. "Niliijaribu kidogo asubuhi, Mama Rukia, nikaifunga. Nione kama inafanya kazi."

"Kwani hii mboga, uionje chumvi? Mwalimu wa kwanza hutajwa mwanzoni mwa kiapo!"

Alisikiliza yaliyobaki. Sentensi zilinyooka, bila neno la ziada, kama alivyomfundisha mwenyewe. Namba ikajifunga.

"Alimtaja nani?"

"Wewe," Kitwana alijibu upesi mno.

Bi Tunu aliinua kidevu. "Najua," alisema, na hakuuliza tena.