Swali la Mgonjwa wa Chicago

"Umetoka kukesha na maiti ukaja hapa moja kwa moja?" Msimamizi alimkazia macho Liwayway. "Hata hukupita dukani ukanywa kahawa, ili marehemu apotee njia asikufuate? We dada, leo umetuletea mgeni!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Liwayway naye akacheka. Bibi yake alikuwa bado jenezani nyumbani kwao, hapo hapo mjini Cebu, Ufilipino. Lakini angepita dukani angechelewa jaribio la kazi, na kazi ingekwenda kwa mwingine.

Akavaa vipokea sauti. Sharti lilikuwa moja: daktari na mgonjwa wakizungumza huko Chicago, yeye awasikilize kwa mtandao na aandike kila neno la mgonjwa, asiruke wala asiongeze.

"Kifua kinanibana tangu juzi," alisema mgonjwa, mzee mwenye sauti ya mkwaruzo. Kisha akasita. "Daktari, huyo bibi uliyeingia naye ni nani? Anauliza kama Iway amekula."

"Bibi gani? Nimeingia peke yangu."

Iway. Bibi yake peke yake ndiye aliyemwita kwa jina hilo.

Vidole vikamfa ganzi juu ya vitufe, kucha zikaingia rangi ya buluu kama za mtu aliyeshika barafu. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma. Liwayway akaandika yote, hata jina.

"Safi! Hukuruka kitu, kazi ni yako." Msimamizi akampiga bega. "Ila huyo Iway ndiye nani?"

Masikioni, mzee alikuwa bado anasema.

"Daktari, bibi anasema haondoki mpaka ajibiwe."