Msitoke Uwanjani

Ulikuwepo, usikatae. Ulisimama pale kwenye uzio, na Winchi wa timu ya ofisi alipoinua rungu la kupigia mpira wakati zamu haikuwa yake, ukainama haraka kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe ndala!

Refa yeye aliona. Siku za kazi ni fundi saa, macho yake huona jino lililovunjika kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Orodha ya wapigaji alikuwa nayo mfukoni na kichwani: baada ya Mlinzi wa geti, Karani wa stoo, baada ya Karani, ndipo Winchi. Na Karani alikuwa benchi, miguu kaitandaza, anamenya chungwa.

Refa akafungua mdomo. Akaufunga. Sheria ya softiboli, mchezo huu wa rungu na mpira, haina huruma: mtu akipiga nje ya zamu, refa hasemi kitu. Waseme wanaodhulumiwa, na waseme kabla hawajatoka uwanjani. Wakishatoka, kosa limeshaoga, limevaa tai, limekuwa haki.

Na waliokuwa wakidhulumiwa ni kina mama wa dobi. Kapteni wao, mdakaji aliyechuchumaa hatua moja tu mbele ya refa, ni Mama Pasi. Mke wake wa ndoa.

Hawakugombea kombe. Waligombea ufunguo. Chumba cha mvuke wanakofulia mashuka kina mlango wa nyuma, na mlango huo Bosi aliupiga kufuli miaka tisa na miezi miwili iliyopita, eti mashuka yanaota miguu. Tangu siku hiyo wanawake kumi na mmoja wamezimia kwa joto. Mwaka huu Bosi kajisahau, akaropoka mbele ya watu wote: "Mkiifunga timu ya ofisi, ufunguo wenu!"

Sasa ilikuwa awamu ya mwisho. Dobi nane, ofisi saba. Ofisi wana mkimbiaji mmoja kwenye kituo cha pili, na wawili wao wameshatolewa; akitolewa wa tatu, kwisha habari. Zamu ikaangukia kwa Karani, ambaye tangu aajiriwe hajaupata mpira hata kwa bahati mbaya. Ndipo Bosi akamkonyeza Winchi, dereva wake, mwenye mikono kama nguzo za umeme.

"Nani atajua?" akamnong'oneza, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani. "Hawa wanajua kuhesabu mashuka tu."

Refa akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, akielekezea kikohozi kwenye kisogo cha mkewe.

"Koo, mume wangu?" Mama Pasi akauliza bila kugeuka.

"Vumbi."

"Pole. Jioni nitakuchemshia tangawizi."

Tangawizi! Refa nusura alie. Wiki mbili nyuma mkewe alimuuliza mezani, "Hivi mtu akipiga si zamu yake inakuwaje?" Naye, kwa uadilifu wake wa kichwa kigumu, akamjibu: "Mimi ni refa, mama. Sifundishi timu nyumbani. Kasome." Angesoma wapi, ilhali kitabu chenyewe kilinyofoka ukurasa siku chache baadaye? Panya hao. Alishanunua na mtego.

Mama Pasi akamwonyesha mrushaji wake ishara: kiganja chini. Mpira laini.

"Umelogwa, dada?" mrushaji akapiga kelele. "Huyu ndiye wa kupewa laini?"

"Mpe, mdogo wangu. Mgeni hanyimwi. Na nyote mnakumbuka nilichosema: hata mawe yanyeshe, hatoki mtu uwanjani mpaka niseme."

Mpira ukaja taratibu kama bibi harusi. Winchi akaupiga, paa! Ukaruka uzio, ukapita juu ya mgongo wako wewe uliyeinama, ukatumbukia kwenye beseni la muuza maji. Mkimbiaji akaingia kituo cha nyumbani, Winchi akaingia nyuma yake akikata kiuno. Tisa kwa nane. Bosi akarukaruka mpaka suruali ikataka kumuaga, akamkumbatia Karani, chungwa likapasukia kwenye tai.

Sasa watatoka, refa akawaza. Akachukua brashi, akafuta kituo cha nyumbani. Akakifuta tena. Mara ya saba kiling'aa kama sahani ya harusi.

"Tangaza!" Bosi akafoka. "Unasafisha kaburi?"

"Vumbi, mheshimiwa."

Wanawake hawakutoka. Walikaa kwenye nyasi, kila mtu mahali pake, mmoja akalala chali kabisa anatazama mawingu. Wamekufa moyo, maskini. Amkeni basi, wapendwa wajinga, aseme japo mmoja!

Mama Pasi akainuka, akanyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza shuka la mwisho.

"Refa," akasema, na safari hii hakusema mume wangu. "Aliyepiga si zamu yake. Zamu ni ya Karani. Nakata rufaa."

Refa akaifunua orodha, ingawa hakuihitaji. Ngumi ikapaa juu yenyewe. "Karani, mwenye zamu ndiye hutolewa: umetolewa, wa tatu! Alama mbili zimefutwa! Dobi nane, ofisi saba, mchezo umekwisha!"

"Mimi?" Karani akalia, mdomo umejaa chungwa. "Mbona hata sijasimama!"

"Sheria gani hiyo?" Bosi akabweka. "Nionyesheni ilipoandikwa!"

Refa akagusa kitabu mfukoni. Ni ukurasa uleule ulionyofoka.

Mama Pasi akatumbukiza mkono kwenye aproni, akatoa karatasi moja iliyopigwa pasi ikanyooka kama kola ya bwana harusi. Pembeni, kwa mwandiko ambao refa huusoma kila siku kwenye orodha ya sokoni, paliandikwa: *Tukisema mapema, watambadilisha tu. Mwacheni apige kwanza.*

"Ufunguo, Bosi," akasema, kiganja wazi.

Na wewe wa ndala, mlango wako bado una kufuli. Usitoke uwanjani. Inua mkono useme, sasa hivi!