Goti la Ndovu

Enzi za ukame, wanyama wadogo walichimba kisima, kila mmoja akawa na hisa yake; anayekitaka sharti azipate zote. Akaja Ndovu. "Kisima chenyewe kibovu," akasema, "lakini kwa kila hisa nitatoa debe la mahindi."

Digidigi mwoga akauza. Pimbi mlafi naye akauza. Akabaki Fuko, asiyeona.

"Uza, ndugu yangu," Digidigi akamsihi. "Hujui alivyo mkubwa."

Ardhi ikatikisika, kisha ikatulia. Fuko akatoa pua shimoni, akapapasa kitu kipana kama jabali: goti la Ndovu, limewekwa mavumbini mbele yake.

"Madebe kumi," Ndovu akabembeleza.

"Mzee, kisima kibovu hakipigiwi magoti," Fuko akajibu taratibu.

Digidigi, mahindi mdomoni, akashindwa kumeza.