Barua ya Anayemfahamu

Mwanahawa alikuwa na leseni ya uhasibu kwa miaka ishirini alipohamia jimbo hili kumuuguza mama yake, lakini hapa leseni hiyo haikutambuliwa. Leo, kwa mara ya nne, ofisi ya leseni ilimtaka alete barua ya mhasibu wa hapa anayemfahamu.

"Wewe si mhasibu?" Mwanahawa alimuuliza Tegemea, ofisa aliyekuwa mezani.

"Ni mhasibu, mwalimu."

"Na hunifahamu?"

Tegemea aliinamisha kichwa. Kazi yote ya uhasibu alifundishwa na Mwanahawa, kule walikotoka. "Wakubwa watasema nimekupendelea."

Mwanahawa alimgeuzia fomu, akamtia kalamu mkononi.

"Basi andika kwamba hunijui."

Kalamu iligusa karatasi, ikasimama, na wino ukaanza kusambaa pale pale.