Kidole cha Mama Mkwe

Marsela alikuwa amembana mwanawe kati ya magoti, sindano mkononi, akitafuta jino la chini ambalo halijatoka.

La juu lilikuwa limeshatoka tangu juzi, dogo kama chenga ya mchele. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego, na kijijini Usevya mwaka ule wa 1953 hapakuwa na mtu asiyejua kwamba kigego akiachwa hai huwamaliza ndugu zake mmoja mmoja. Kigego alikuwa akipelekwa porini, na aliyempeleka alirudi peke yake. Padri alihubiri mpaka sauti ikamkauka kwamba kila roho ina haki ya kuishi. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani na desturi yao.

"Watakaozikwa hapa ni sisi, si padri," Oswaldi, mumewe, alikuwa amesema asubuhi hiyo. "Mama akisema ni ya juu, nampeleka mwenyewe. Baba amekufa, dada zangu wawili wamekufa. Nyie mnataka afuate nani?"

Alisema hivyo huku machozi yakimlengalenga, maana mtoto wake alimpenda kupita kiasi.

Mwenye kauli ya mwisho alikuwa Getrude, mama yake Oswaldi. Kila alfajiri, kabla hajasema na mtu, mama huyo alikwenda kuketi kwenye makaburi matatu nyuma ya nyumba, akinong'ona. Marsela alimwogopa mno. Aliamini marehemu hao ndio waliomtuma kukagua meno ya mtoto.

"Hodi humu."

Sindano ikachana ufizi wa chini. Mtoto akapiga ukelele. Getrude akaingia, akanawa, akatia kidole kinywani mwa mjukuu wake. Akapapasa chini, akakiona kidole kina damu. Akapapasa juu. Hapo kidole kikakaa muda mrefu.

"Mama, nakuomba," Marsela alisema.

Getrude akakichomoa kidole. Alitoka mlangoni, akasimama mbele ya Oswaldi, aliyekuwa amesimama uani na mbeleko tayari begani.

"Ya chini yametangulia," alitangaza. "Kawaambie ndugu zako."

Oswaldi aliketi chini palepale, akalia.

Mama mkwe akarudi ndani, akafunga mlango, akainama mpaka midomo ikagusa sikio la Marsela.

"Akifa mtu humu ndani, watakutazama machoni. Nyamaza. Mimi nilinyamaza tulipomzika baba mkwe wako. Nikanyamaza kwa binti zangu wote wawili. Kila siku nakwenda kuwaomba radhi, mwanangu. Lakini Oswaldi wangu, na kale kajino kake ka juu kalikotangulia, ningempelekaje porini?"